Mlio wa Korongo Kabla ya Isha

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba na magoti yangu bado yanafanya kazi, lakini mama amesema mtihani ni mwakani na kelele zimetosha, na mama akishasema "halas", yaani basi, hakuna mahakama ya rufaa. Kwa hiyo nawakabidhi sinia, matoazi, pembetatu na pipa nyinyi wadogo wa okestra mnaoingia darasa la saba, hasa wale mliokataliwa kwenye fidla mkadhani maisha yameisha. Hayajaisha. Yamehamia nyuma tu.

Kabla sijasahau, nawaandikia kazi yenyewe ilivyokuwa. Kuhusu vyeo sitapoteza wino. Mimi cheo changu kilikuwa "wewe wa nyuma", toka siku ya kwanza hadi ya mwisho. Mshahara ulikuwa sambusa, na sahani ilipofika nyuma ilikuwa imebaki makombo na kipande cha ndimu.

Nianze na namna nilivyoajiriwa. Mama ni nesi. Alikuja Riyadh kwenye ile miaka ambayo kila ndege kutoka Nairobi ilishuka imejaa madereva, walinzi na kina dada wa kazi za nyumbani, na akatuleta mimi na ndugu yangu kutoka Mombasa hospitali ilipompa nyumba. Shuleni nilikuta mwalimu wa muziki Mkenya, Mwalimu Oduor, mtu wa Kisumu, mrefu, mwenye tai hata siku za joto la kuyeyusha kandambili. Alikuwa ameunda okestra. Muziki wenyewe ilibidi ufanyiwe ndani ya ukuta wa kompaundi, ule mtaa wa wageni uliokuwa na shule yetu ndani yake, kwa sababu nje ya ukuta miaka hiyo muziki haukuruhusiwa, sisi hatukuwepo na wala hatukusikika. Wapigaji walikuwa wanafunzi, manesi wa Kifilipino, wahandisi wa Kihindi, na yeyote aliyewahi kushika chombo kanisani kwao.

Siku ya kwanza nilikwenda nikiwa na uhakika nitapewa fidla. Nilikuwa hata nimekata kucha. Mwalimu akanisikiliza nikieleza kipaji changu, nikaeleza tena, kisha akasema, "Rukia, wewe unaongea sana. Nenda ukae pale nyuma, mahali ambapo kazi ni kunyamaza."

Akanipa pembetatu. Kwa wasioijua, ni chuma kilichokunjwa pembe tatu, unakining'iniza kwa uzi na kukigonga kwa kijiti. Nilikaa nayo mazoezi yote nikisubiri zamu yangu ya kugonga, mara moja tu, mwishoni kabisa. Nikaigonga mapema. Okestra nzima ikanyamaza. Mbele yangu alikuwa amekaa mwanamume mnene mwenye pembe ya shaba iliyojikunja kama konokono. Akageuka taratibu, akaniangalia, akasema, "Asante, dada. Nilikuwa nimeanza kusinzia."

Huyo ndiye Anko Musyoka, na kila kitu nilichojua kuhusu kazi hii amenifundisha yeye.

Musyoka hakuwa mwalimu wala mzazi. Alikuwa dereva wa familia moja ya Kisaudi, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwaleta wasichana wawili wa bosi wake shuleni na kuwasubiri. Siku moja, akisubiri, aliingia ukumbini kuomba maji akaiona ile pembe imelala kwenye boksi. Mwalimu Oduor alikuwa ameinunua mwenyewe, mtumba, huko soko la Batha, kwenye duka la kuuza redio na vyungu, na hakuna mtu aliyeweza kuipuliza. Musyoka alikuwa amepuliza pembe kwenye bendi ya kanisa kwao Machakos kabla ya kuja Arabuni. Akaichukua, akaipangusa mdomo kwa shati, akapuliza. Mwalimu anasema ilitoa sauti ya ngamia aliyekanyagwa. Hata hivyo akamwajiri papo hapo, kwa sababu ngamia mmoja ni bora kuliko kiti kitupu.

Sasa, filamu. Jina lake la Kijapani halijawahi kutoka kinywani mwangu likiwa zima, kwa hiyo sisi tuliita Korongo. Ni katuni, safari ndefu ya msichana anayeokota yai la korongo mkubwa, ndege mwenye mabawa mapana kuliko paa la msikiti, akaamua kulirudisha kwa mama yake. Anavuka visiwa, anafukuzwa na wanaume wenye meli za chuma, anapigwa na dhoruba, na mwishoni analiweka yai juu ya mwamba, linapasuka, na korongo mama anaita kutoka angani. Kwa ufupi ni filamu ya mzigo uliopotea, na wote tulioko huku tunajua uchungu wa mzigo uliopotea.

Lakini muziki wake, jamani! Mimi ni mtu wa mzaha, nawaomba mniamini kwa sentensi hizi mbili. Filimbi zinaanza kama upepo kwenye pazia, fidla zinaingia moja moja kama watu wanaofika msibani wakiogopa kutoa sauti, halafu meli zinapotokea, shaba na ngoma zinakuja mpaka meno yanacheza. Na mwisho kabisa kila chombo kinanyamaza, inabaki pembe moja, inaita.

Ule mlio wa korongo ndio ulikuwa wa Musyoka.

Mwalimu alikuwa ameusikiliza muziki wote kwa masikio yake na kutuandikia upya, kwa vyombo tulivyokuwa navyo. Mpango ulikuwa kuionyesha filamu ukutani, sauti imezimwa, maneno yakisomeka chini, na sisi tukipiga muziki wake wote moja kwa moja. Okestra ya Kijapani iliyopiga mwanzo ilijaza ukumbi mzima. Sisi tulijaza kona. Hapo ndipo zana zangu zinapoingia, na msikilize kwa makini kwa sababu mtazirithi.

Dhoruba ilihitaji upatu mkubwa wa shaba, ule wa kuning'inizwa, na upatu huo ni ghali kama gari. Musyoka akanipeleka Batha pamoja na mama, tukazunguka maduka ya vyombo vya harusi nikigonga masinia ya kabsa, wali wa nyama wa huku, kwa kijiko. Muuzaji wa kwanza alitufukuza. Wa pili alicheka akaleta viti. Tukalipata moja, kubwa la kutosha mwana-mbuzi mzima na wali wake, ambalo ukiligonga katikati linanguruma, na ukiligonga ukingoni linapiga kelele kama shangazi aliyenyimwa mwaliko. Tukalitoboa, tukalining'iniza kwenye kiango cha nguo. Nyundo yake ni mchi wa kinu uliovishwa soksi za kazini za mama. Soksi zifuliwe. Pipa la maji la plastiki ni la radi, matoazi ni ya shule, pembetatu mnaijua.

Mafunzo ya Musyoka yalikuwa machache, na karibu yote aliyatoa garini akiwa anasubiri mtu. "Kazi ya dereva ni nini, Rukia?"

"Kuendesha."

"Hapana. Kuendesha ni saa chache. Kazi ya dereva ni kungoja. Sasa wewe na sinia yako ni hivyo hivyo. Hiyo kitu ya kugonga ni kidogo sana. Kungoja ndiyo kazi."

La pili ndilo lililookoa maisha yetu, nami nitaliandika peke yake: ukipotea, usiangalie fimbo ya mwalimu ya kuongozea muziki, kwa sababu pengine naye amepotea. Tazama ndege. Maana yake tazama picha ukutani. Muziki umeandikwa kwa ajili ya picha, na picha haijui kukosea.

Yeye alifanya mazoezi akiwa kazini. Alichomoa kile kipande kidogo cha mdomo wa pembe akawa anakipuliza akiendesha, mpaka wale wasichana wa bosi wakadhani dereva wao ana kwikwi. Baadaye mkubwa wao akautambua wimbo. Watoto wa huku wamelelewa na katuni za Kijapani zilizotafsiriwa Kiarabu, Korongo wanaijua kuliko sisi. Akawa anamsahihisha kutoka kiti cha nyuma. "La, la, Musyoka. Juu zaidi."

Musyoka alikuwa na sababu. Nyumbani Machakos ana binti, Mwende, aliyekuwa mdogo sana baba yake alipoondoka. Mwende aliiona Korongo kwa jirani mwenye televisheni, na Musyoka, kama baba yeyote aliye mbali, akamwambia kwa simu kwamba ule mlio wa ndege anaupiga yeye. Mwende akaenda shule akatangaza. Mnajua shule. Wenzake wakamwambia baba yake ni dereva, na dereva hupiga honi. Akarudi kwa baba yake akitaka ushahidi. Musyoka akamwahidi: siku tutakapopiga mbele ya watu, simu itakuwa hewani, asikie mwenyewe.

Siku hiyo ikafika, Riyadh, ndani ya kompaundi yetu, na ikaharibika namna ambayo ingeweza kutokea huku tu. Tulianza baada ya swala ya magharibi. Wageni walichelewa kwa sababu ya chakula, Mwalimu naye hakutaka kuwakatiza wakila. Tukaanza tukiwa tumechelewa. Katikati ya dhoruba, nikiwa nimeinua mchi juu kama mtu anayeua nyoka, adhana ya isha ikaingia. Huku adhana ikilia, muziki unazimwa, ndiyo adabu na ndiyo sharti la meneja wa kompaundi. Tukanyamaza, tukatoka wote ukumbini kungoja swala iishe. Mwenye mashine ya picha naye akatoka kwenda kuswali, na hakukumbuka kuizima. Tuliporudi, ukutani yalikuwa yanapita majina ya Wajapani. Yai lilishapasuka, ndege alishaita, hakuna aliyempigia.

Musyoka akaichukua simu. Mwende alikuwa bado hewani.

"Umesikia nini, mama?"

"Nimesikia viti, baba."

Musyoka aliipangusa pembe, akaifunga ndani ya shuka, akaenda kuwachukua wasichana. Mimi nilikuwa na vichekesho kadhaa tayari mdomoni. Nikavimeza, na wanaonijua wanajua hilo ni tukio.

Baada ya hapo Mwalimu akaweka sheria ambayo inafuatwa mpaka leo bila wengi kujua imetoka wapi: kila kitu lazima kiingie kati ya magharibi na isha. Akaikata filamu. Akatoa mazungumzo marefu, akatoa mzee anayelia, akatoa wimbo wa jikoni. Akaibakiza kiasi kwamba mlio wa korongo unatoka, watu wanapiga makofi, wanatafuta viatu, ndipo isha inaadhiniwa. Kazi nzuri kabisa.

Halafu tukaalikwa Jeddah.

Kompaundi moja kule, si mbali na mtaa wa Ruwais, ilitaka tuwapigie wakati wa likizo. Mwalimu alichagua siku kwa kumfuata Musyoka, kwa sababu mama yake madam, mke wa bosi, anakaa Jeddah na familia nzima huenda huko kila likizo, na Musyoka ndiye anayeendesha. Na hapo paliongezeka jambo. Mkataba wa Musyoka ulikuwa umekwisha, karatasi zake za kuondoka moja kwa moja zilikuwa zimetoka, na wakirudi tu Riyadh anapanda ndege. Hakukuwa na onyesho jingine. Ama Mwende asikie Jeddah, ama abaki na viti.

Bosi alimruhusu jioni hiyo. Alimwambia aishushe familia dukani mapema, kisha arudi kuwachukua baada ya isha, geti la mbele. Mwalimu akafungua kalenda yake, ile ya ukutani ya nyakati za swala ambayo maduka ya Batha hutoa bure, akapanga kila kitu: magharibi saa fulani, tunaanza, korongo analia, isha saa fulani. Musyoka akaiweka ile saa ya isha kwenye simu yake, ilie. "Ikilia natoka," alituambia, "hata kama ndege amefungua mdomo."

Tulipanda basi Batha, tukafika Jeddah mchana tumekunjika kama nguo za mkobani. Tukalala. Tukaamka, tukavaa nyeusi, tukapanga viti, tukaning'iniza sinia. Kwa kalenda ya Mwalimu, magharibi ilikuwa imewadia. Tukakaa kimya kusubiri adhana.

Hakuna adhana.

Hakuna na wageni. Ukumbi mtupu kabisa. Mwalimu akasimama na fimbo yake akitazama viti, akasema kwa huzuni, "Pengine watu wa Jeddah hawapendi muziki."

Nikatumwa getini. Mlinzi alikuwa Mkenya mwenzetu wa Kericho, kijana mrefu aliyekuwa anakula mbegu za alizeti.

"Kaka, adhana ya magharibi imetupita?"

"Itapitaje? Wewe hujaona jua?"

Nikageuka. Jua lilikuwa pale, juu ya bahari, zima, limetulia kama mgeni asiyejua kuaga.

"Nyinyi mmetoka Riyadh, siyo?" akasema, na akaanza kucheka kabla hajamaliza. "Kila likizo mnakuja na saa zenu. Hapa tuko upande wa magharibi wa nchi, dada, jua linachelewa karibu nusu saa. Ramadhani iliyopita kuna dereva alifuturu na kalenda ya Riyadh. Alikula tende jua likimtazama."

Mimi ndiye niliyekuwa Mwislamu pekee kwenye safu ya nyuma, na sikuwahi kufikiria jambo hilo hata mara moja. Adhana nimeizoea kama maji ya bomba, ikija inakuja. Nikarudi ndani mbio nikatoa habari. Mwalimu Oduor alikaa chini polepole, tai na yote.

"Kwa hiyo tunaanza tukiwa tumechelewa," akasema.

"Kwa hiyo simu yangu italia korongo akiwa bado baharini," akasema Musyoka. Hakuinua sauti. Aliweka pembe magotini akaifunika kwa mikono miwili, kama mtu anayemzuia mtoto asianguke.

Sasa mngeona okestra ikifikiri. Nesi wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa imesimamishwa chini, akasema mlio wa korongo uwekwe mwanzoni. Musyoka akakataa. "Ndege ataitaje yai ambalo halijapotea? Mwende ameiona hiyo filamu. Si mjinga." Mwingine akasema wampigie bosi. Hakuna dereva anayempigia bosi kumwambia asubiri kwa sababu ya katuni, hasa wiki ambayo pasipoti yake bado iko kwenye droo ya bosi.

Mwalimu akashika penseli. "Tunakata dhoruba."

Dhoruba ni yangu! Dhoruba ndiyo sinia, ndiyo pipa, ndiyo sababu ya soksi za mama. Nikafungua mdomo.

"Rukia."

Nikaufunga. Mstari kwa mstari akapita akichora misalaba kwenye karatasi za watu, kutoka meli za chuma moja kwa moja hadi bandari tulivu. Fidla wakachorewa wa kwanza, kisha wakatoka nje kupiga picha na bahari, maana wengine hawajaiona tangu wafike nchi hii.

Ndipo Musyoka akampigia Dada Nekesa. Nekesa ni Mkenya wa Bungoma, anafanya kazi za ndani kwa bosi huyo huyo wa Musyoka, na jioni hiyo alikuwa dukani na madam akiwabebea mifuko. Musyoka aliweka simu kwa sauti kubwa ili tusikie sote.

"Woyee, Musyoka! Umegonga gari?"

"Sijagonga. Nekesa, nitachelewa. Mwambie madam nimepata pancha."

"Pancha wapi?"

"Popote. Wewe sema pancha."

"Ngoja kwanza. Bosi alikwambia umchukue saa ngapi?"

"Baada ya isha."

"Baada ya isha, ama saa?"

"Isha. Lakini kalenda ya mwalimu inasema isha ni saa…"

"Musyoka. Huyo mtu umemwendesha miaka hiyo yote. Siku gani amewahi kukutajia saa?"

Musyoka akafikiri. "Hakuna."

"Isha ya huku imeadhiniwa?"

"Hata magharibi bado."

"Sasa yeye ataswali isha ya nani? Ya Riyadh? Bosi yuko hapa anakula aiskrimu. Wacha kunipotezea muda, huyu madam ananiita."

Akakata. Tukatazamana. Jua lilipochelewa, kila kitu kilikuwa kimechelewa pamoja nalo, wageni, bosi, isha yenyewe, na waliokuwa wamewahi ni sisi peke yetu. Nesi wa selo alianza kucheka, kisha wa filimbi, na Mwalimu Oduor akavua miwani akaifuta kwa tai, akasema, "Dhoruba irudi." Musyoka alikuwa anabonyeza simu yake kuondoa ile saa.

Mngedhani hapo mambo yamekwisha. Mnasahau fidla wako baharini.

Adhana ikalia, watu wakaswali, na wageni wakaja kwa mafuriko, familia nzima nzima, watoto wameshikilia popkoni. Fidla wakaingia gizani wakiwa na upepo kwenye nywele, wakakaa. Hakuna aliyewaambia kwamba dhoruba imerudi. Misalaba ya penseli ilikuwa bado kwenye karatasi zao.

Tulianza vizuri mno. Filimbi zikatoa upepo, msichana akaokota yai, watoto wakanyamaza. Meli zikaja. Kisha mimi nikaingia na dhoruba kwa nguvu zangu zote, pipa, matoazi, sinia, na fidla wakati huo huo wakaruka hadi bandari tulivu, wakapiga ule wimbo wa kubembeleza watoto. Ukutani mawimbi yanavunja mlingoti, na fidla zinaimba lala, mtoto, lala. Mtoto mmoja mbele akacheka kwa sauti. Fidla wakashtuka, nusu wakarudi kutafuta dhoruba, nusu wakaendelea. Selo wakawafuata hawa, filimbi wakawafuata wale. Fimbo ya Mwalimu ikawa inazunguka tu, kama mkono wa mtu anayefukuza nyuki. Dhoruba ikaisha ukutani, na okestra haikujua iko wapi. Mmoja mmoja wakaanza kunyamaza.

Musyoka akageuka nyuma. Jasho lilikuwa linamtoka, lakini uso ulikuwa ule ule wa siku ya kwanza.

"Rukia," akasema chini chini. "Ndege."

Nikaacha karatasi. Nikatazama ukuta. Msichana anapanda mwamba. Yai liko kifuani, limefungwa kwenye kitambaa. Kazi yangu nyingine jioni hiyo ilikuwa kupiga simu, kwa sababu mikono ya Musyoka ilikuwa na pembe, kwa hiyo nikabonyeza jina la Mwende kwenye simu ya Musyoka kwa kidole gumba cha kushoto, nikaiweka simu juu ya kiti karibu naye, na mkono wa kulia nimeshika mchi. Ikaita. Ikaita tena. "Haloo?" Kasauti kadogo.

Msichana akaliweka yai juu ya mwamba. Sasa okestra yote ilikuwa kimya. Mtu mwingine angedhani tumekata tamaa, lakini ilikuwa ndiyo sehemu yenyewe, muziki umeandikwa unyamaze hapo. Ufa wa yai ni wangu, pigo moja, na kila mmoja pale anajua kwamba baada ya sinia inakuja pembe. Nikangoja. Mwili wote ulikuwa unataka kugonga. Nilimsikia Mwalimu akipumua. Yai likatikisika, nikangoja. Likatikisika tena. Mstari mwembamba ukapita juu ya ganda, nikagonga katikati kabisa ya sinia, na mngurumo ukaenda hadi mlangoni.

Musyoka akapuliza.

Sauti ya kwanza ilikwaruza kidogo, sitawadanganya. Halafu ikasafika, ikapanda, ikakaa pale juu bila haraka, na mabawa yakafunguka ukutani. Akaita mara ya pili. Fidla, wote sasa, wakaingia chini yake taratibu, kisha selo, kisha filimbi, kama watu waliokuwa wamepotea sokoni wakakutana wote getini. Tukamaliza pamoja. Mpaka leo sijui vipi.

Makofi yalikuwa bado yanalia Musyoka alipoichukua simu.

"Mwende?"

Zikaja kelele za watoto wengi, mtu anasukumwa, na sauti ya Mwende akiwaambia wenzake, si baba yake: "Mmesikia? Mmesikia sasa?" Halafu akarudi. "Baba, rudia. Kuna mwingine amekuja amechelewa."

Musyoka alicheka mpaka mabega yakatikisika. Akainua pembe, na hapo hapo msikiti wa karibu ukaanza isha. Akaishusha.

"Haiwezekani sasa, mama, wanaadhini. Nitakupigia nikija nyumbani."

"Utakuja nayo hiyo pembe?"

Pembe haikuwa yake. Akamtazama Mwalimu Oduor, ambaye alikuwa amekaa juu ya boksi la selo, amevua viatu, anakunywa maji kutoka kwenye chupa ya mtu mwingine. Mwalimu hakuinua hata kichwa. "Mwambie ndiyo," akasema. "Nani mwingine ataipuliza? Rukia?"

Musyoka akamwambia ndiyo. Akaifunga ndani ya shuka, akatushika mikono wote, hata wale wa fidla waliokuwa wanalia na kuomba msamaha, akakimbilia gari.

Yaliyofuata alinisimulia Nekesa. Anasema bosi alitoka geti la mbele na familia na mifuko yake, akafungua mlango wa mbele ili akae mahali pake, akakuta kiti kimekaliwa na kitu cha mviringo kwenye shuka, kimefungwa mkanda. Akakifunua pembeni, akachungulia, akakifunika. Yule binti mkubwa alikuwa ameshaanza kuimba ule mlio wa korongo nyuma. Bosi akamtazama dereva wake, akafunga mlango polepole, akaenda kubanana na watoto kiti cha nyuma, akasema, "Yalla, twende, Musyoka."